Mruko na Mteremko: Historia ya Baisikeli Mbili Mbele ya Mlima Meru

Mlima Meru hauwapi watu wake ardhi tambarare ila kwa uchache. Mji wa Arusha umekaa kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha mlima, chenye mita 4,566, chautazama mji kutoka kaskazini. Na baina ya mji na msitu mna mashamba ya migomba na mibuni, nyumba, makanisa, shule, na vijia vingi viteremkavyo pamoja na maji. Mtu atokaye Ilboru au Sekei asubuhi kwa baisikeli hana haja ya kukanyaga sana ili afike sokoni. Haja yake kubwa ni kuweza kusimama. Jioni mambo hugeuka: baisikeli iliyomchukua yeye asubuhi, sasa yeye ndiye aichukuaye, akiisukuma pembeni mwa njia huku jasho likimtoka.

Ardhi kama hii humfundisha mpandaji mambo ambayo nchi tambarare haimfundishi. Katika mkoa wa Shinyanga, ambako baisikeli ya kuchukulia abiria yenyewe huitwa daladala, sifa ya mpandaji ni pumzi na subira. Penye miteremko ya Meru sifa ni breki, macho, na ujuzi wa kuinua gurudumu la mbele kabla halijafika kwenye mfereji. Maana Wameru na Waarusha ni wakulima wa kumwagilia maji tangu zamani, na mifereji yao hukata vijia mahali pengi, mingine myembamba kama kiganja, mingine yenye upana wa hatua moja ya mtu mzima. Asiyejua kuivuka huangukia humo na mzigo wake.

Yafaa kuyakumbuka haya kabla ya kuingia katika ubishi mmoja ambao vijana wapendao baisikeli wanaufanya kila nchi: kati ya baisikeli ndogo iitwayo BMX na baisikeli ya mlimani, ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita kwa kifupi baisikeli ya gia, ipi iliyo bora kwa kuruka, kwa michezo ya ustadi, na kwa namna ya kuendesha? Wabishi hujibu aghalabu kwa hesabu za chuma na bei. Historia hujibu kwa njia nyingine. Yaonyesha kwamba kila moja ya baisikeli hizi ni mtoto wa ardhi yake, na kwamba zote mbili, kabla hazijawa bidhaa za madukani, zilikuwa ni baisikeli za kawaida au chakavu zilizotumiwa na vijana kwa kazi ambayo waundaji wake hawakuikusudia. Jambo hili la pili lina uzito kwa Arusha kuliko linavyodhaniwa.

Zote mbili zilitokea katika jimbo moja la Marekani, California, na baina yao hapakupita miaka kumi. BMX ndiyo iliyotangulia. Katika mwaka wa 1963 kampuni ya Schwinn ilianza kuuza baisikeli ya watoto iitwayo Sting-Ray, yenye magurudumu ya inchi 20, usukani mrefu na kiti kirefu kama ndizi. Ilikusudiwa kupendeza macho barabarani. Lakini mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 wavulana wa kusini mwa California waliona mashindano ya pikipiki ziendeshwazo kwenye matuta ya udongo, wakatamani, na kwa kuwa hawakuwa na pikipiki wala umri wa kuziendesha, wakazichukua baisikeli zao ndogo na kuzipeleka kwenye viwanja vitupu wakajijengea matuta yao wenyewe. Novemba 1970, huko Long Beach, mvulana wa miaka 13, Scot Breithaupt, aliandaa mashindano ambayo yahesabiwa miongoni mwa ya kwanza kabisa ya mchezo huo. Mwaka 1971 sinema ya Bruce Brown iitwayo On Any Sunday, iliyohusu pikipiki, ilifungua kwa picha za watoto wakiruka matuta kwa baisikeli, na tangu hapo kila mtaa wa Marekani ulijua mchezo huo ni nini. Hata herufi za jina lenyewe zaeleza asili yake: B ni baisikeli, M ni ya pikipiki, na X ni alama ya mwendo wa kukata mashamba.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuona ugeni katika habari hiyo. Mashindano ya magari ya Safari yalianza katika mwaka wa 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia zake za miaka ya kwanza zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Watoto waliosimama kando ya barabara wakimezwa na vumbi hawakuwa na magari. Walikwenda nyumbani wakakunja waya, wakaunda gari, wakalisukuma kwa fimbo ndefu huku wakinguruma kwa midomo. Kuiga chombo cha wakubwa kwa chombo kidogo kilicho mkononi ni tabia ya watoto popote. Tofauti ni kwamba mtoto wa California alikuwa na kiwanda jirani kilichomtazama akicheza, na baada ya miaka michache kikamwundia chombo chenye kumfaa.

Tawi la pili la BMX, lile la michezo ya ustadi, lilisaidiwa na jambo la kushangaza kidogo: ukosefu wa mvua. Ukame mkali ulioipata California katika miaka ya 1976 na 1977 uliacha mabwawa mengi ya kuogelea matupu, na mabwawa hayo yenye kuta za mviringo yaligeuzwa viwanja, kwanza na wapandaji wa mbao za magurudumu, kisha na vijana wa baisikeli. Bob Haro, ambaye hutajwa kuwa baba wa tawi hili, alianza kujulikana wakati huo. Kuanzia hapo mruko haukuwa tena njia ya kupita juu ya tuta ili kumshinda mwenzio. Ulikuwa kitu cha kutazamwa chenyewe, na mrukaji alihesabiwa kwa aliyoyafanya hewani.

Baisikeli ya mlimani ilizaliwa upande wa kaskazini wa jimbo hilo hilo, katika wilaya ya Marin, ng'ambo ya San Francisco. Huko mna mlima Tamalpais, wa mita 784 tu, ambao mtu wa Meru angeuita kilima. Vijana wa huko, wengine wakiwa ni washindani wa kweli wa baisikeli za barabarani, walikusanya baisikeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi manene, wakazipandisha milimani na kuziteremsha kwenye njia za udongo zilizotengenezwa kwa ajili ya wazima moto. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji mdogo wa Fairfax, walifanya mashindano ya kwanza kwenye njia waliyoiita Repack. Ilishuka kiasi cha mita 400 katika urefu wa kilomita tatu na nusu pungufu kidogo. Baisikeli zile kuukuu zilikuwa na breki ya kukanyaga nyuma, iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, na kwa mteremko ule breki ilipata moto hata grisi yote ikayeyuka na kutoka kama moshi. Mpandaji alipofika chini ilimbidi afungue kitovu na kukijaza grisi upya. Na hiyo ndiyo maana ya jina la njia.

Hapana mahali pengine katika historia hii panapomkaribia mpandaji wa Arusha kuliko hapa. Yeye naye ajua joto la breki. Baisikeli ya mzigo iliyotawala njia za Tanganyika kwa miongo mingi, awali Raleigh ya Kiingereza, baadaye Phoenix ya China, Hero na Avon za India, pamoja na Swala iliyotoka katika kiwanda cha Dar es Salaam, ilikuwa na breki za vyuma virefu vilivyovuta vipande vya mpira kuigusa rimu kutoka ndani. Juu ya nchi tambarare zilitosha. Juu ya mteremko, pamoja na mikungu miwili ya ndizi au madumu ya maziwa kwenye karia, na rimu zikiwa zimelowa kwa mvua ya masika, zilikuwa ni ahadi tu. Mpandaji aliongeza breki ya tatu, ambayo haimo katika kitabu cha kiwanda chochote: unyayo wa kiatu uliokandamizwa juu ya tairi. Ndala ziliisha kwa njia hiyo upande mmoja kabla ya mwingine. Wale wa Marin walikuwa wakishuka kwa furaha, huyu akishuka kwa riziki, lakini fizikia haikuwauliza nia zao.

Kilichofuata Marin kinajulikana. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda kiunzi kipya kwa kazi hiyo badala ya kutegemea vyuma vya zamani. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza biashara ya baisikeli hizo, wakiuza viunzi vilivyoundwa na fundi kijana, Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, na kwa hiyo chombo cha mafundi wachache kikawa bidhaa ya viwandani. Jina la Ritchey litarudi mbele, maana alikuja Afrika Mashariki.

Sasa vyombo vyenyewe. Gurudumu la BMX, pamoja na tairi lake, lina kipenyo cha sentimita 50 hivi. La baisikeli ya mlimani ya namna ya kwanza lina kama 66. Na yale makubwa yapendwayo siku hizi yanafika 74. Jiwe la kimo cha sentimita 10 likiwa njiani, gurudumu dogo hulikuta kwa pembe kali ya nyuzi 53 hivi, na lile la inchi 26 kwa nyuzi 46. Tofauti ya nyuzi saba yaonekana ndogo katika karatasi. Kwa mpandaji ateremkaye kutoka Ilkiding'a mahali palipojaa mawe ya volkano, ni tofauti baina ya kutikiswa na kutupwa. Hii ndiyo sababu BMX, hata ikiwa mikononi mwa bingwa, haiwezi kuwa chombo cha mlima ambao haukulainishwa na mtu. Kila mahali ilipostawi, palikuwa na mtu aliyetangulia na sepetu, au mwashi aliyetangulia na saruji.

Lakini udogo huo huo ndio utukufu wake hewani. Gurudumu dogo na jepesi halina ukaidi mwingi wa kuzunguka, kwa hiyo mrukaji aweza kuizungusha baisikeli chini yake, au usukani mbele yake, na kuirudisha mahali pake kabla ya kugusa ardhi. Nyuma ya kiunzi ni fupi, na kwa ajili hiyo mbele huinuka kwa kuvuta kidogo. Kiti kiko chini sana, kiasi kwamba mtu akikalia hukanyaga kwa shida. Hakikuwekwa kwa kukaliwa, kiliwekwa kiondoke njiani, ili magoti na mapaja yawe na nafasi. Gia ni moja. Uma wa mbele hauna springi. Nguvu yote ambayo mrukaji huisukuma ardhini hurudi kwake bila kupunguzwa, na jambo hili ndilo kiini cha tofauti ya namna mbili za kuruka.

Maana baisikeli ya mlimani, tangu kampuni ya RockShox ilipotoa shokapu zake za mbele katika mwaka wa 1989, imekuwa chombo cha kumeza. Humeza mashimo, humeza mawe, humeza mshindo wa kutua. Na kwa tabia hiyo hiyo humeza pia msukumo wa mrukaji. Ukiikandamiza ili iruke, sehemu ya kwanza ya nguvu yako hupotea katika springi, na mruko wenyewe huja umechelewa. Kwa hiyo mpandaji wa BMX hujifunza kulipuka, na mpandaji wa mlimani hujifunza kungoja. Wa kwanza huutengeneza mruko kwa misuli yake. Wa pili aghalabu hupewa na mteremko, naye kazi yake ni kuupokea bila hofu, kuushika mwili katikati, na kuitazama sehemu atakayotua. Wa kwanza hutua palepale au karibu. Wa pili hutua mbali, kwa mwendo ule ule aliokuwa nao, na mara hukutana na kona. Ni haki kusema kwamba BMX ina ufundi mwingi zaidi katika kila mita ya hewa. Si haki kusema, kama wengine wasemavyo, kwamba mpandaji wa mlimani hutegemea springi zake. Springi haijui kuchagua njia.

Ule mruko wa msingi uitwao mruko wa sungura waonyesha vizuri jinsi ustadi huu ulivyo mmoja. Mpandaji hurudisha nyonga nyuma, mikono ikinyoka, gurudumu la mbele likapanda. Kisha hujinyosha juu, hutupa usukani mbele, hukunja magoti, na gurudumu la nyuma hulifuata la mbele. Hapana tuta, hapana ubao. Kwa BMX mtoto mwepesi aweza kuupata baada ya siku chache za kuanguka. Kwa baisikeli ndefu na nzito ya mlimani huchukua muda zaidi. Na kwa Phoenix ya mzigo, yenye uzito wa kilo 20 na zaidi? Nusu yake ya kwanza, yaani kuinua mbele, hufanywa kila siku na wachukuzi wa ndizi wavukapo mifereji ya Meru. Nusu ya pili haijaribiwi na mwenye akili, kwa sababu ya mikungu iliyo nyuma.

Hapa ndipo historia ya California yakutana na ya Arusha, na si kwa njia ya kiwanda wala ya sinema. Tangu milango ya biashara ya Tanzania ilipofunguliwa, kuanzia miaka ya kati ya 1980, baisikeli zilizotumika za Ulaya na Japani ziliingia nchini pamoja na nguo za mitumba, na wanunuzi wa miteremkoni walizipokea za mlimani kwa furaha. Zilikuwa na breki mbele na nyuma, zilizoshika rimu kwa nguvu. Zilikuwa na gia za kupandia. Matairi yake manene yalilala vizuri juu ya vumbi la Meru, ambalo wakati wa kiangazi ni laini kama unga. BMX za kweli hazikupokewa hivyo, na sababu si kutojua. Mzazi wa Ngaramtoni au wa Tengeru anunuapo baisikeli hununua chombo cha nyumba nzima: itakwenda dukani, shuleni, kisimani, sokoni, na kwa fundi. BMX haina karia, haina gia, na mtu mzima hawezi kuiendea mbali bila magoti kumpiga kifuani. Katika maduka ya mjini yapatikana baisikeli ndogo zenye sura ya BMX, lakini ni za kuwafundishia watoto wa wenye nafasi, na mtoto akikua hupewa mdogo wake.

Kwa hiyo kijana wa Arusha apendaye kuruka hana BMX. Anayo baisikeli ya mlimani iliyozeeka, tena mara nyingi si yake bali ni ya baba au ya kaka. Na hapo huingia mtu ambaye historia za mchezo huu hazimtaji: fundi baisikeli wa chini ya mti, mwenye spana chache, pampu, na beseni la maji la kutafutia pancha. Baisikeli ya gia ifikapo kwake mara ya tatu au ya nne, gia zimekwisha kwa vumbi, waya zimekatika, na vipuri vyake ama havipatikani ama ni ghali. Fundi huondoa gia zote, hufupisha mnyororo, huacha meno ya mahali pamoja tu. Shokapu ikishavuja na kulegea, huikaza isicheze, au huiondoa na kuweka uma mgumu wa chuma. Kiti hushushwa, maana chuma cha kiti kilichokatika kimefupishwa kwa msumeno. Bila kukusudia, na kwa ajili ya bei tu, fundi ameigeuza baisikeli ya mlimani kuwa BMX kubwa: gia moja, uma usiomeza nguvu, kiti kilichoondoka njiani.

Jambo hili lapaswa kuwekwa kando ya lingine. Katika nchi tajiri, wapandaji wa mlimani waliotaka kuruka matuta ya udongo kwa ustadi wa BMX waliishia kutaka chombo chenye magurudumu ya inchi 26, kiunzi kifupi na kigumu, gia moja, shokapu fupi iliyokazwa na kiti cha chini. Na viwanda huwauzia chombo hicho kwa bei ya kutisha. Fundi wa Arusha alifika karibu na hapo kwa njia ya uhaba. Wala si ajabu, kwa kuwa sheria za mruko ni zile zile, na baisikeli iondolewayo visivyo lazima huelekea umbo moja. Lakini mfanano usitufiche tofauti. Kiunzi cha chombo kile cha ghali kimeundwa kwa kutua. Cha mitumba kiliundwa kwa safari za mapumziko, kisha kikachomelewa mara mbili. Kiunzi kikikatika kichwani, chini ya usukani, mrukaji huanguka kwa uso, na kofia ya chuma cha plastiki wengi hawana. Tena akiokoka yeye, chombo cha nyumba hakikuokoka. Mruko wa Jumapili hulipwa Jumatatu, na anayeulipa huenda ni mama mwenye maziwa ya kufikisha mjini.

Katika hali hiyo hukua namna ya kuendesha isiyofanana kabisa na mojawapo ya zile mbili. Kijana wa Arusha huruka chini na kwa uangalifu, akitua kwa magurudumu mawili pamoja, miguu ikifanya kazi ya springi isiyokuwapo. Hupenda zaidi mchezo wa kwenda kwa gurudumu la nyuma, ambao hauvunji kitu, hauhitaji tuta, na unaonekana na watu wengi barabarani. Kona huzichukua kwa mguu mmoja ulioachwa chini. Huu ndio mtindo wa mtu ambaye chombo chake chapaswa kurudi nyumbani kizima, na wenye kuucheka kwa kuwa hauna mizunguko ya hewani hawajauelewa. Wale wa California walikuwa na magari ya wazazi wao ya kuwarudisha.

Wageni nao wameutumia mlima kwa namna yao. Mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, Richard na Nicholas Crane, binamu, waliipanda Kilimanjaro na baisikeli za mlimani mpaka kileleni, wakiziendesha palipoendeshwa na kuzibeba pasipoendeshwa, ili kukusanya fedha kwa kazi za maendeleo. Kitabu chao kikatoka mwaka 1985. Siku hizi makampuni ya utalii ya Arusha huwapeleka wageni kwa baisikeli katika mashamba yaliyo chini ya Meru na hadi Mto wa Mbu, na vijana wa Arusha waliojifunza kwenye vijia wamepata kazi ya kuwaongoza. Mwongoza wageni haruki, au haruki mbele yao. Lakini aujua mteremko kwa miguu.

Habari ya Ritchey ni ya maana zaidi. Alifika Rwanda mwishoni mwa mwaka 2005, akaona katika vilima vile wakulima wa kahawa wakisafirisha magunia kwa baisikeli nzito, na wengine kwa vyombo vya mbao vitupu vyenye magurudumu mawili, ambavyo ng'ambo ya mpaka, Goma na Kivu ya Kaskazini, Waswahili wa Kongo huviita chukudu. Mchukuzi wa chukudu hushuka kutoka vijiji vya juu na viazi au makaa, akiwa amepiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukitafuta ardhi. Mtu aliyeiunda baisikeli ya mlimani kwa ajili ya kushuka alikuwa amekutana na watu walioshuka kuliko yeye. Mwaka 2006 yaliandaliwa huko mashindano yaliyopewa jina la baisikeli za mbao, ambamo chukudu na baisikeli za kisasa zilishindana kila moja katika daraja lake. Na chombo ambacho Ritchey aliwaundia wakulima hakikuwa cha kuruka: kilikuwa baisikeli ndefu, yenye nyuma iliyorefushwa kwa ajili ya magunia ya kahawa, na yenye gia na breki za mlimani. Miaka sita baadaye, katika michezo ya Olimpiki ya London ya 2012, Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alishindana katika baisikeli za mlimani.

Michezo hiyo mikubwa yenyewe iliipokea baisikeli ya mlimani mwaka 1996 huko Atlanta, na mashindano ya mbio za BMX mwaka 2008 huko Beijing. Aliyeshinda medali ya kwanza ya dhahabu ya wanawake katika BMX alikuwa Mfaransa Anne-Caroline Chausson, ambaye alianza utotoni na BMX, akaiacha, akawa bingwa wa dunia mara nyingi wa kuteremka kwa baisikeli ya mlimani, kisha akairudia ile ndogo. Ubishi wa vijana ungeweza kuishia kwake, kama ubishi wa vijana ungekuwa na desturi ya kuisha. Kigali iliyapokea mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Ya mruko na mteremko yalikuwa yamekwisha kufika barani kabla ya hapo.

Huko Meru, masika yamalizikapo kwenye Mei, vijia huonekana vipya. Maji yamechimba makorongo mahali palipokuwa sawa, yamelundika udongo mahali palipokuwa na shimo, na mfereji uliokuwa na upana wa hatua moja sasa una upana wa moja na nusu. Ukame uliwatengenezea wa California viwanja vyao. Hapa mvua hutengeneza, tena kila mwaka kwa umbo jingine. Wa kwanza kuupima mfereji mpya ni wachukuzi wa maziwa, alfajiri, wakishuka na kuinua baisikeli kwa mikono. Vijana huja baada ya saa za shule, husimama ukingoni, huutazama, na mmoja wao hurudi nyuma hatua ishirini.